Kwa Mama Mdogo, Aliyesema Blanketi Ni Lake

Mpendwa mama mdogo,

Jumanne iliyopita niliwasha seva mpya ya hospitali. Niliiwasha kwa utaratibu wako: kwanza boksi la betri, nikangoja, halafu swichi ya mtandao, nikangoja tena, seva yenyewe mwisho. Daktari mmoja kijana akaniuliza mbona nasimama-simama, si nibonyeze tu? Nikamjibu kama ulivyokuwa ukinijibu mimi, "Unakimbilia wapi, kwani kuna ugali unaungua?" Akacheka.

Nakuandikia barua hii wazi, kila mtu aisome, kwa kuwa kuna jambo nimechelewa mno kukuambia. Lakini acha kwanza nikusifu. Ulipokuwa hai hukutaka kabisa kusifiwa, ulikuwa unatafuta sufuria ya kusugua mpaka mtu anyamaze. Leo utanisikiliza.

Naikumbuka siku ulipoileta ile seva ya kwanza. Ulitoka nayo Mbeya kwenye pikapu ya usharika, umeipakata njia nzima, ukakataa katakata isiwekwe nyuma pamoja na magunia ya mchele. Dereva alilalamika kwamba tangu Makambako ulimfanya atambae kwenye kila tuta. Uliposhuka miguu ilikuwa imekufa ganzi, ukawa unachechemea pale uwanjani mbele ya manesi, na gauni lako la kanisani na raba za michezo. Mganga mfawidhi wa wakati ule alikuwa ametoka ofisini kumpokea fundi. Akakupita, akaenda kumpa mkono dereva. We! Ulimwacha amalize salamu zote, za safari na za nyumbani, ndipo ukasema, "Ukishamaliza naye, njoo unisaidie kubeba." Na akabeba! Mimi nilikuwa karani mgeni pale mapokezi, sijamaliza hata kipindi cha majaribio, na nilijivuna utadhani mzigo nimeuleta mimi.

Siku zote ulizokuwa ukifunga mitambo ile nilikuwa natoroka dirisha la mapokezi kuja kukutazama. Ulibandika karatasi za majina kwenye nyaya, asubuhi tukakuta unyevu wa ukungu umezibandua zote, zimelala sakafuni. Mtu mwingine angetukana. Wewe ulikwenda kwa fundi cherehani pale nje ya geti, ukaomba mabaki ya vitenge, ukaufunga kila waya kitambaa chake: maua mekundu maabara, kijani dirisha la dawa, bluu mapokezi. Mpaka leo manesi wakinipigia simu hawataji namba ya waya. Wanasema, "Dada, maua mekundu hayasomi."

Ulipomaliza ukaniita mimi, karani, mbele ya wakubwa wote waliokuwa wamejipanga wapate kubonyeza. "Njoo uwashe wewe. Mimi nitaondoka, wewe ndiye utakayebaki nayo." Ukaniwekea kiganja nyuma ya boksi niusikie upepo wa feni. Ukaniambia, "Huyu wa betri anabeba, huyu wa swichi anaongea, na huyu hapa anakumbuka. Anayekumbuka usimwamshe kwa pupa." Taa ya kijani ilipowaka nikapiga kigelegele bila kufikiri, na wewe ukanikonyeza.

Ulinifundisha kila kitu isipokuwa kimoja, kwa sababu haikukujia akilini kwamba kuna binadamu angehitaji kuambiwa.

Unajua nilikolelewa. Mama yangu, dada yako, aliolewa Usangu, kwenye mashamba ya mpunga, ambako watu wanalala mlango wazi kwa joto. Baridi ya huku Mufindi ya mwezi wa saba sikuijua. Nilikuwa navaa masweta mawili na bado meno yanagongana. Ijumaa moja mchana ulipita kuikagua seva kabla ya kwenda kwa bibi, Igowole. Jioni, nilipokuwa nafunga kile chumba, nikaligusa lile bati la seva. Lilikuwa la baridi! Nikaihurumia. Jamani, mtu mzima na cheti changu, niliihurumia mashine! Nikaenda kuchukua blanketi kitandani kwangu, lile la kijivu la tangu shule ya bweni, nikaifunika yote, nikachomekea na pembeni, nikaiacha imejikunyata vizuri kama mtoto mchanga.

Jumatatu asubuhi skrini zote zilikuwa nyeusi na chumba kinanuka plastiki iliyoungua. Diski ilikuwa imekufa kwa joto, na nakala ya akiba ilikuwa ya wiki tatu nyuma. Foleni ya wagonjwa ilifika mpaka kwenye ua wa jikoni. Ulifika kutoka Igowole kabla ya saa nne, ukaingia, ukaliona blanketi. Jina langu lilikuwa limeshonwa pembeni kwa uzi mwekundu, kama tulivyoshona sote bwenini. Ulilisoma. Kisha ukalikunja, jina likaingia ndani, ukalibana kwapani.

Kikaoni mganga mfawidhi akauliza ni nani aliyeifunika mashine. Nilifungua mdomo, mama mdogo, nakuapia nilifungua mdomo. Lakini nikawaza kazi, nikawaza mama kule Usangu alivyokuwa ameshawatangazia majirani kwamba bintiye yuko ofisini. Sauti haikutoka. Yako ikatoka. "Ni mimi. Niliona baridi."

Walicheka, nisikufiche. Fundi kuifunika seva blanketi! Na kwa kuwa Ijumaa ile watu walikuona ukiingia, hakuna aliyekuwa na shaka. Kabla ya jioni jina lilikuwa limeshakuganda: Fundi Blanketi. Shule mbili zilizokuwa zinakungoja zikatafuta fundi mwingine. Usharika nao haukukuita tena. Wewe uliyeunganisha hospitali nzima ukarudi Igowole kutengeneza redio na pasi kwenye kibaraza cha bibi, na sijawahi kukusikia unajitetea hata kwa neno moja.

Tena hukuondoka papo hapo. Ulikaa na mimi mpaka tukazirudisha zile wiki tatu zote kutoka kwenye kadi za wagonjwa, moja baada ya nyingine, wewe unasoma, mimi nachapa. Blanketi nilikuwa nimeshalikuta kitandani kwangu, limefuliwa. Baada ya hapo kila Jumapili, tukitoka ibadani, ulinifundisha kazi yako yote, ile ile uliyonyang'anywa kwa ajili yangu. Nikikosea ulinicheka mpaka machozi yakutoke, halafu unanionyesha tena. Ni moyo wa namna gani ule? Mimi nautafuta kwangu, siuoni.

Nilijaribu kusema. Nilikuwa naanza, "Mama mdogo, lile blanketi..." nawe unanikata, "Umekula?" Na mimi, kusema ukweli, nilipenda kukatwa. Nilikula. Nikapanda cheo, nikawa mkuu wa kitengo, na bado nikala.

Masika iliyopita tukakuzika. Kwenye msiba nilikuwa naosha vyombo na mama wawili nisiowajua. Mmoja akamuuliza mwenzake, "Hivi marehemu ndiye yule Fundi Blanketi?" Wakacheka kidogo, kwa adabu ya msibani. Nilishika sahani moja nikaisugua mpaka basi. Hata siku ile sikusema. Niliona aibu ya kujichukia.

Sasa ndiyo nifike Jumanne. Seva mpya iko mezani, wafanyakazi wametoka kwenye ibada ya asubuhi wamejaa mlangoni. Mganga mfawidhi tuliye naye sasa, mtu wa utani, akasema, "Jamani, mwenye blanketi alirudishe kitandani!" Wakaangua kicheko wote. Hata wale walioajiriwa juzi, ambao hawakukuona, walikijua kisa chako.

Nikasema, "Blanketi lilikuwa langu."

Walidhani naendeleza utani. Ikabidi nirudie. Nikawaambia kila kitu: baridi, uzi mwekundu, kikao, mdomo wangu uliofunguka bure. Nikawaambia fundi mnayemcheka ndiye aliyenifundisha kila ninachokijua, na hakuwahi kuharibu mashine hata moja. Matroni, ambaye alikuwepo tangu enzi zile, akakaa juu ya boksi tupu la seva na kusema, "Na sisi tulivyomcheka yule mama!" Akalia. Mganga akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akasema, "Haya, tuwashie." Ndipo nikawasha, kwa utaratibu wako.

Jumamosi nikapanda basi kwenda Igowole kwa bibi. Nilimkuta anachambua maharage. Nikamwamkia, "Kamwene, bibi," akaitika bila kuinua uso. Nikakaa chini nikamweleza yote, nalia kama mjinga. Yeye mkono haukusimama, anatoa vijiwe anaweka pembeni.

"Nilijua," akasema. "Mwanangu alikuwa na akili timamu. Nilikuwa nangoja useme."

Nikamwambia tayari nimewaambia hospitali nzima, hata matroni amelia.

"Umewaambia wao," akasema bibi, na hapo akaniangalia. "Umeniambia na mimi. Yeye je, umemwambia?"

Sikuwa nimekuambia. Miaka yote hiyo, Jumapili zote zile, mbele yako sikulimaliza lile neno.

Ni mimi niliyeifunika, mama mdogo. Nilinyamaza ukachekwa, ukanyang'anywa kazi uliyoipenda, na mimi nikakikalia kiti chako. Nisamehe.

Mwanao,
binti wa dada yako