Bolti Mbili

Jumanne, Kibomet

Mkono bado unauma. Leo nimempiga Wafula, fundi wetu wa vyuma, mbele ya mafundi wote.

Tulikuwa Misikhu tukiinua paa la soko. Boriti ikachomoka kwenye nguzo, ikamwangukia kibarua wetu Barasa na kumvunja mguu, mfupa ukatokeza nje. Yeye akilia, mimi nikamkaba Wafula koo na kumtwanga ngumi mpaka akatoka damu puani.

“Nusura umuue mtu kwa uvivu wako!”

“Si nilifuata mchoro wako, injinia! Angalia kwanza, bana!”

Sikuangalia. Nilimpiga tena.

Jioni nimeufungua mchoro. Pale boriti inaposhikana na nguzo nimechora bolti mbili. Hesabu zangu mwenyewe zinataka sita. Sahihi iliyo chini ya mchoro ni yangu.

Barasa amelazwa Webuye, na huenda wakamkata mguu. Wafula ndiye aliyembeba mpaka kwenye gari, huku damu ikimdondoka kwenye shati.

Nimempigia simu, nikamwambia kosa ni langu. Akasema, “Kesho sema hivyo mbele ya watu wa mjengo. Ulinipiga wakiona.”

Nimekubali. Ninaogopa sana.