Wazee wa Fulana za Njano

Jumatatu, 3 Machi

Nimemkosea Mama Filimbi, kiongozi wa wazee wa mazoezi. Nianze na hilo, kabla sijaanza kujitetea.

Fomu za bei mpya za kutumia bustani, viwanja na bwawa la jiji nilizijaza mimi. Niliambiwa nikae na kila kundi niulize: mko wangapi, mnatoza watu, nani anawafadhili. Sikwenda. Nilisimama dirishani ofisini na kikombe cha chai. Nikaona wazee kama thelathini wakifanya mazoezi, wote fulana za njano, mgongoni jina la duka la rangi. Nikasema, hawa wana mfadhili. Nikaandika: bei ya mashirika.

Mara kumi ya bei ya kawaida! Wameshindwa. Tangu bei za majaribio zianze, wanafanyia mazoezi kando ya barabara, karibu na kituo cha mafuta. Leo nasikia mzee wao mmoja kapitiwa mguu na pikipiki. Hakuvunjika – lakini je, kama angevunjika?

Alhamisi kamati ya madiwani inazipitisha bei hizo ziwe za kudumu.

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda! Saa kumi na mbili asubuhi, na raba za mwanangu zinazonibana. Nikasema natoka jiji, nakusanya maoni. Mama Filimbi – mkunga mstaafu, mfupi, filimbi shingoni – kanikata: "Maoni baadaye. Ruka kwanza, mwanangu."

Nikaruka! Bibi mmoja nyuma yangu: "Jamani, kitambi kimeshafika, mwenyewe bado yuko njiani!" Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Kisha nikauliza, kama nilivyotakiwa toka mwanzo. Mfadhili? Wakaangua kicheko. Duka lilifungwa, mwenye duka akagawa fulana zilizobaki! Wanachanga hela ya maji ya kunywa, basi.

"Kuna mjinga mmoja huko kwenu kaandika sisi kampuni," kasema Mama Filimbi. "Mwambie aje achukue faida yake." Wote wakacheka. Na mimi nikacheka. Nikacheka!

Wakati wa kuagana akanishika mkono, akaniombea dua. Eti mimi ndiye wa kwanza kuja kuwaona. Nilitamani ardhi inimeze.

Jumatano, 5 Machi

Sijakaa kitini siku nzima. Akina mama wa netiboli, waogeleaji, watu wa mpira – nimewafuata wote walipo, na fomu mpya. Na nimegundua kitu! Timu ya mameneja wa benki, inayofadhiliwa na benki yao, inalipa bei ya wananchi wa kawaida. Kwa nini? Siku ile ya dirishani kila mmoja wao alivaa fulana yake mwenyewe! Kumbe nilipanga bei ya jiji zima kwa kuangalia nguo.

Nimetengeneza jedwali jipya. Anayetoza watu au mwenye mfadhili alipe zaidi. Wanaochangia maji tu waingie kwa bei ndogo. Rahisi hivyo!

Bosi hakufurahi. Kasema niseme takwimu zimeboreshwa, yaishe. Nikitaja dirisha, nimejichongea.

Mke wangu kaniuliza swali moja tu: yule mama anajua ni wewe? Nikatikisa kichwa. "Basi bado hujamaliza, baba," kasema, akaendelea kukunja nguo.

Alhamisi, 6 Machi

Naandika kwenye benchi, nje ya chumba cha kamati. Nimesema! Yote – dirisha, chai, fulana. Mwenyekiti kavua miwani. Diwani mmoja kauliza, "Kwa hiyo na mimi na hii suti ungeniandika nani?" Wakacheka, halafu wakanitoa nje. Wanajadili jedwali. Na mimi pia wananijadili.

Moyo unadunda! Si woga – au ni woga, sijui, lakini mwepesi. Sauti zinapanda huko ndani. Mtu kagonga meza.

Wapitishe wasipitishe, wanifukuze wasinifukuze: kesho Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi, niko kituo cha mafuta. Kabla hawajaanza kuruka nitasimama mbele ya Mama Filimbi, wote wakisikia, nimwambie kwamba fomu ile niliijaza mimi, bila kumuuliza mtu, na kwamba juzi nilicheka nao, nikijua mjinga anayesemwa ni mimi.