Shanga za Kichwani

Nyumbani, chumba cha cherehani
Jumapili, 14 Juni

Mpendwa Mjomba Chafya,

Shikamoo. Pokea salamu zangu zote, pamoja na zile nilizokuwekea tangu mwaka jana kwa uvivu wa kuandika. U hali gani huko? Magoti je? Na hiyo pua yako, bado inaziba ikisikia tu neno baridi?

Sisi huku wazima. Safari hii neno hilo lina uzito wake, maana mwenzio nilikuwa nimeanza kuaga. Usishtuke. Mkono unaoandika ni uleule, na huu mwandiko mbaya ni wa siku zote.

Ilianza bafuni. Nilikuwa nimejimwagia kopo la kwanza la maji ya moto, mara kichwa kikapasuka. Sisemi kiliuma, Mjomba. Nimeumwa kichwa tangu utoto, na wewe ndiye uliyekuwa ukinifunga kitambaa. Kile cha kawaida hupanda taratibu. Hiki kilipiga kama radi, nikajikuta nimekaa sakafuni, povu machoni, namwita Bibi, mama yako, ambaye ni marehemu miaka yote hii. Kilipotulia nikavaa, nikaenda kazini.

Siku chache baadaye kikarudi. Tulikuwa tunabadilisha sponji ya kochi la mteja mmoja mwenye maneno. Akatupa mzaha, nikacheka, radi ikapiga. Mwenzangu wa kazini, tunayemwita Mama Mkasi, akanipeleka zahanati. Pale wakasema ni kipanda uso, nikapewa vidonge, nami nikakubali, kwa sababu kwetu kichwa ni urithi. Basi nikaacha kucheka. Hebu fikiria, mimi uliyenipa jina la Chiriku, nakaa na watu midomo nimeibana kana kwamba nimeshika pini!

Kilipopiga tena Mama Mkasi hakuniuliza nataka nini. Tulikwenda hospitali kubwa, tukapokewa na daktari mwanamke wa rika la binti yangu. Hakuuliza sana kinauma wapi. Aliuliza kilianzaje, kidogo kidogo au kwa mara moja. Nikamwambia, "Mara moja, mwanangu. Kama umeme." Akaweka kalamu chini. Alihofia mshipa umepasuka, na hofu yake niliiona machoni. Nikapigwa picha ya kichwa, kisha sindano mgongoni ya kuchota maji ya uti wa mgongo. Damu haikuonekana. Wakapiga picha nyingine, ya mishipa yenyewe, baada ya kunichoma dawa inayoifanya ionekane.

Hapo ndipo ugonjwa ulipojulikana. Mishipa ya ubongo ilikuwa imejibana, hapa myembamba, pale imetuna. Daktari akanigeuzia kompyuta. "Unaona, mama? Kama shanga kwenye uzi."

Mjomba, wewe unajua nilikumbuka nini. Kibaraza cha Bibi, sinia la shanga za kila rangi, sisi wawili tunatunga naye anarudia, "Tazameni uzi, shanga zitajikalia." Nilisikia hadi harufu ya sabuni ya vidole vyake. Nikatamani nirudi pale nilipokuwa, miguu imefika nusu ya mkeka. Halafu nikaiona ile siku yako wewe inakuja, nikaifukuza mbio, kwa kuwa ningecheka.

Daktari akanieleza kwamba mara nyingi mishipa hiyo hulegea yenyewe baada ya wiki kadhaa. Isipolegea inaweza kumpoozesha mtu au kumtia upofu. Fundi asiye na mkono wala jicho, Mjomba, ni fundi wa nini?

Akauliza natumia dawa gani. "Situmii dawa yoyote," nikajibu, na kwa vile pua ilikuwa imeziba nikachomoa kichupa changu, nikajidondoshea, tundu hili na lile.

"Na hiyo je?"

"Hii? Haya ni matone tu."

Si unakumbuka tulivyolelewa? Kwa Bibi, dawa ni kile unachomeza kikakukunja uso. Vingine vyote ni mapambo. Kumbe matone yale huzibua pua kwa kubana mishipa, na kwa watu wengine hubana hata ya kichwani. Nami vumbi la sponji lilikuwa limenifanya niyatumie kutwa. Daktari alikichukua kichupa na hakunirudishia.

Nikarudi nyumbani kusubiri. Nilikatazwa kunyanyua mizigo, kujikamua chooni na kuoga maji ya moto. Mume wangu akazima redio kila vilipoanza vichekesho. Niliogopa, Mjomba. Niliogopa kufa nikiwa nimenuna.

Wiki iliyopita wakanipiga picha tena. Daktari aliitazama, akatabasamu kabla ya kusema lolote. Mishipa imenyooka. Shanga hazipo, umebaki uzi.

Nikatoka, nikaketi kwenye benchi la ukumbini, nikaiita ile siku kwa makusudi. Wewe na ushanga wa buluu umekwama puani. Bibi anakunusisha pilipili manga. Mwalimu wako amekuja kukushtaki, kikombe mkononi. Ukapiga chafya, ushanga ukaruka, chubwi ndani ya chai yake! Na Bibi, bila kupepesa, "Mwalimu, nikuongeze sukari?"

Nilicheka huku nimeshika kichwa kwa mikono miwili, nikingojea radi. Watu wakanitazama. Nilicheka mpaka mbavu zikauma, na radi haikuja. Ndipo nikalia. Kati ya tuliokuwepo kibarazani siku ile tumebaki wewe na mimi, na pale ukumbini sikuwa na wa kumwambia.

Kama nawe una kichupa cha pua, usikifiche. Kionyeshe kwa daktari wako, na ukiulizwa juu ya dawa, kitaje cha kwanza.

Mume wangu anakusalimu, binti yangu anakushika miguu, na Mama Mkasi, ambaye hakujui, anauliza kama ushanga ule ulipatikana. Nisalimie mkeo na wajukuu. Mungu akulinde kichwa na pua, atuache wewe na mimi tukumbuke kwa muda mrefu bado.

Wako akupendaye, na anayecheka tena,
Chiriku