Kisima cha Wakwe Hakisomi Kompyuta

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla sijaaibika ukweni, mimi kazi yangu ni kukadiria kwa kompyuta maji ya chini ya ardhi yatakuwaje, yaani mbolea ya shamba kubwa la kuku ikizama ardhini inageuka nitrati, na huko chini wapo bakteria wanaoila, basi mwaka jana hesabu zilionyesha visima vya jirani vitachafuka, bosi akasema, "Hebu waongezee hao bakteria njaa," nami nikawaongezea humo kwenye kompyuta mara ishirini bila kupima hata tone, ramani ikawa kijani tupu, yaani maji salama, tukapigiwa makofi, kumbe kisima kimojawapo ni cha wakwe zangu, na kila nikienda mama mkwe ananiletea maji kwa mikono miwili nasema nimefunga, mwezi wa tatu huu nafunga, mke wangu anauliza nimeingia dhehebu gani, na juzi shemeji kajifungua, maziwa yake yamegoma, mtoto anakorogewa ya kopo kwa maji hayohayo, nimewaambia wachemshe ili nionekane najali, sasa nitaendeleaje kukataa maji bila kumvunjia mama heshima?

Mkwe Mwenye Kiu

Pole, baba. Pole yenyewe imeishia hapo.

Kichanga kinanyweshwa nitrati, wewe unauliza adabu ya kukataa glasi! Huoni haya? Nimemuuliza mkemia: kuchemsha kunaua vijidudu tu, nitrati haiendi popote, maji yakipungua ndiyo kwanza inakolea. Mtoto mchanga akiinywa, damu yake inashindwa kubeba hewa, anageuka buluu midomoni. Wewe ulilijua hilo kabla yangu.

Najua unaogopa kibarua kuota nyasi, na woga huo sikucheki. Ila hao bakteria uliwatia njaa wewe, kwa kidole. Kesho asubuhi jaza chupa safi kwa maji ya kisima, peleka maabara. Kisha rudisha njaa yao pale vipimo vinapoiweka, andika ripoti upya, na ugonge mlango wa kila jirani mwenye kisima. Bosi akikataa, mkaribishe ukweni anywe glasi mbili, yake na yako.

Barua hii inachapwa Jumamosi, na mtoto hangojei Jumamosi. Kwa hiyo namba uliyoandika nyuma ya bahasha niliipiga jana. Alipokea mkeo, nikamweleza yote. Mtoto ameshahamia maji ya chupa na amepelekwa kwa daktari, yuko salama. Mama mkwe, baba mkwe, shemeji na mkeo wanakungoja sebuleni ukweni. Nenda ukiwa umeshakula, maana leo hakuna wa kukukaribisha kitu.