Monika, Barua Yako ya Kuitwa Manyoni Imefika

Wifi yangu Monika,

Tulifundishwa kwamba barua huanza kwa kuuliza hali. Nimeshika kalamu, nimeona siwezi kukuuliza hali. Basi nianze na ya huku. Mtoto wako yu hai. Ananyonya titi la kushoto, Yohana wangu la kulia, na wakiamka pamoja wanapigana mateke utadhani walitoka tumbo moja. Tumemwita Monika. Mama yako ndiye aliyelitamka hilo jina, siku ya tatu baada ya kukuzika, kisha akaingia ndani, hakutoka mpaka kesho yake.

Mvua bado. Shamba la pamoja tumepanda mara mbili, mara mbili limekauka. Ijumaa nawasomea watu gazeti pale ofisini kwa kijiji, lile lile la mwezi uliopita. Wanakuja wachache. Juzi mzee mmoja aliuliza, "Na mwenzio wa kukusahihisha yuko wapi leo?" Halafu akakumbuka, akainama kufunga kiatu ambacho hakina kamba.

Maana ulikuwa hunionei huruma. Nikisoma, wewe unaniita kutoka nyuma ya watu wote, "Anastazia, umelimeza tena neno la mwisho. Usilimeze, ndilo wanalolisubiri."

Sasa lililonifanya niandike. Barua yako ilifika, ya mafunzo ya utangazaji wa redio. Ilikuja wiki ya tano tangu utuache. Mwenyekiti wa kijiji aliileta mwenyewe, kofia mkononi. Walikuita Manyoni kwa usaili.

Unakumbuka tulivyoijaza ile fomu, wewe na tumbo lako umeegemea gunia la mtama? Kwenye uzoefu tulikwama mchana mzima, maana hatukuwa nao. Mwisho ukaandika: kuwasomea wanakijiji gazeti, na kuanika juani betri za redio ya kijiji zikichoka. Nikasema hilo la betri watatucheka. Ukasema, "Wacheke. Bila mwanikaji hiyo redio yao nani angeisikia?" Jina likawa lako, kwa kuwa mimi niliishia darasa la nne. Ukanitania mbele ya Mama: "Wewe una sauti, mimi nina cheti. Mungu angetukanda pamoja angepata mtangazaji mmoja mzima."

Mama aliyashika maneno yale. Barua ilipokuja alifungua sanduku lako, akatoa cheti chako cha darasa la saba, akaniwekea mapajani. Akasema, "Nenda nacho. Huko hawamjui sura. Ukisoma habari, useme ni Monika aliyesoma. Nimsikie hata mara moja."

Unamjua, wifi. Tangu niolewe hapa Mama ananiagiza. Siku ile aliniomba.

Nikakubali. Sikufichi. Siku nne nilijizoeza kule kisimani nikisubiri maji yajikusanye: aliyewasomea ni Monika, aliyewasomea ni Monika. Na haikuwa kwa ajili ya Mama peke yake. Niliitaka ile nafasi hadi usingizi ukanipotea.

Yohana nilimwachia Mama, uji anakunywa. Mwanao nilimbeba, hajajua kingine zaidi ya titi. Tulipanda lori la kuni. Pale ukumbini vijana walikuwa wengi, wengine na soksi. Wakaita jina lako. Nikasimama. Bwana wa mezani, mtu wa miwani, akauliza bila kuinua kichwa, "Wewe ndiye Monika?"

Mtoto akaamka mgongoni, akalia. Nikamshusha, nikamnyonyesha nimesimama palepale. Nikamtazama. Hana mama. Shuka aliyofungiwa ni yangu, titi ni langu. Alichonacho chake mwenyewe ni jina. Nikibeba na hilo, nimemwachia nini?

Nikasema, "Hapana, bwana. Monika ni huyu. Mliyemwita ni mama yake. Alijifungua nyumbani kwao, damu haikukoma. Tulimbeba kwenye kitanda kwenda hospitali, kabla hatujafika alikuwa amefariki."

Sikulimeza, wifi. Ukumbi mzima ulilisikia.

Yule bwana alivua miwani. Aliuliza nani alinifundisha kusema, nikamwambia ni huyo huyo. Akaandika neno mbele ya jina lako kwenye orodha yake. Nililisoma kichwa chini miguu juu, ni lile lile la mwisho nililolitamka. Halafu akauliza elimu yangu. Nikamwambia. Akasema, "Dada, sauti unayo. Nafasi ni za darasa la saba." Nisome kisomo cha watu wazima, alisema, nipate cheti, nijaribu tena kama watachukua watu tena. Kama. Akanipa fomu tupu.

Nilirudi nikamwambia Mama yote. Siku mbili maziwa ya Yohana aliyaweka chini, hakunipa mkononi. Siku ya tatu alikirudisha cheti sandukuni, akasema, "Hiki ni cha mtoto." Alipofika mlangoni akasimama. "Na hicho kisomo chenu ni siku gani? Hawa watoto atashika nani?" Hakungoja jibu, akaenda zake kuchanja kuni.

Sijui kama nitafika. Darasa liko mbali na watoto ni wawili, na wewe hupo wa kunikemea. Lakini fomu ninayo hapa. Nimeandika jina langu. Kwenye uzoefu nimeandika kusoma gazeti na kuanika betri, kama wewe. Nimeongeza mstari mmoja: kutoa habari ya kifo cha wifi yangu mbele ya watu, Manyoni.

Barua hii naiweka sandukuni, chini ya cheti chako. Lala, Monika. Siku mwanao atakapouliza mama yake alikuwa nani, asisikie kwa watu. Nitamsomea mimi, kwa jina langu, mpaka neno la mwisho.

Wifi yako,
Anastazia