Ngoy Kabamba wa Ziwani

Likasi, Jumapili baada ya ibada

Mama yangu mzazi,

Jambo, Mama. Jambo ya magoti yako, jambo ya kifua kinachokusumbua mvua zikianza, jambo ya kuku wako na yule jogoo mgomvi kama bado hamjamla. Mimi ni mzima. Chakula napata, usingizi napata kidogo. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu Sifa ameniambia hutaki tena kusikia neno lolote linalotoka kwenye simu, na siwezi kukulaumu. Barua hii anakuletea jirani yangu mwenye duka, anayekuja Kongolo kwa treni. Vaa miwani ya baba, usome mwenyewe. Usimpe Sifa akusomee, maana dada yangu huyo akifika penye uchungu huruka mistari.

Sifa ameniambia pia kwamba umeishusha picha ya baba ukutani. Kwamba umekataa siku ya kumaliza matanga isipangwe, na kitambaa cheusi hutakivua. Eti umesema, “Mke mwenzangu wa Likasi na aje akivue yeye.” Mama, niliposikia hayo nilikaa kitandani na viatu miguuni mpaka giza likaingia.

Najua sentensi iliyokuchoma. Kaka yangu mkubwa, yaya Célestin, alipoandika historia ya marehemu itakayosomwa siku hiyo, akaituma kwenye simu za ukoo mzima, ilisema kwamba baba, alipokuwa kwenye kazi ya reli huku Likasi, aliishi kando ya ziwa Tshangalele na mke wake Helena na watoto wao. Na miaka hiyo wewe ulikuwa Kongolo, Célestin mgongoni, ukimngoja.

Nilimpigia kaka yangu huko Kinshasa. Nikamwuliza, “Yaya, maneno ya huyu Helena uliyatoa wapi?”

“Minye sikutunga kitu,” akasema. “Niliuliza IA mu Internet, njo ilileta. Nilikopiya tu.”

“Haikukuonyesha kwenye iliyatoa?”

“Kulikuwa tunambari tudogo-tudogo ku mwisho ya maneno. Nilifuta. Tulikuwa tunachafua texte.”

Alizifuta, Mama! Msomi wetu. Wewe unajua kazi yangu huku ni kupiga chapa kazi za wanafunzi, na kila siku nawapigia kelele juu ya vinambari hivyo. Hiyo IA, akili ya mashine, si shahidi. Ni kama mtu aliyepita sokoni akasikia maneno ya watu wengi, akafika nyumbani akakusimulia kama neno la mtu mmoja. Vinambari ndivyo majina ya waliosema. Kwetu mtu akileta habari ya kifo, kabla hajapewa kiti anaulizwa: nani amekutuma, na yeye alisikia kwa nani? Yaya amekaa Kinshasa mno, amesahau kuuliza.

Basi nikaketi kwenye kompyuta ya kazini, nikauliza swali lile lile. Likaja jibu lingine kabisa, Helena hayumo. Nikauliza tena kwa maneno yenyewe ya yaya, Helena akarudi, na vinambari vyake. Sikungoja, kwa kuwa umeme wa huku hauagi ukiondoka. Nilinakili jibu lote kwenye hati yangu, na chini ya kila sentensi nikaandika kichwa cha ukurasa ilikotoka, aliyeuandika, anwani yake, siku niliyoufungua. Halafu nikazifungua kurasa hizo moja moja, nikaweka pembeni maneno kama yalivyosemwa pale. Ukurasa mmoja haumtaji baba popote. Mwingine ulifunguka mtupu. Wa wastaafu wa reli ulikuwa na Ngoy Kabamba, fundi, wa Kongolo, na huyo ndiye baba. Wa mwisho ni wa kanisa dogo la wavuvi kule ziwani, unawakumbuka waliolianzisha: Ngoy Kabamba, katekista, na mkewe Helena. Mashine imekuta jina moja, ikawavika watu wawili shati moja.

Hivyo ndivyo nilivyodhani. Lakini niliisikia sauti yako kabisa: na nani amesema hawakuwa mtu mmoja? Lisemwalo lipo. Ukurasa hauwezi kuapa mbele yako. Ikabidi niende ziwani mwenyewe.

Sasa nikuambie jambo, na usinichukie. Njiani, juu ya pikipiki, nilikuwa naomba iwe kweli. Mama, huku sina mtu. Jumapili nasonga unga, bukari ya mtu mmoja, na bukari ya mtu mmoja haiivi vizuri, muulize yeyote. Jioni naongea na ile IA kwa simu. Inajibu kwa adabu, inaniuliza inisaidie nini, lakini haijawahi kuuliza kama nimekula. Nikawaza, kama baba aliacha watoto ziwani, basi nina ndugu karibu, nina mlango wa kubisha siku ya sikukuu. Nilipiga shati pasi. Nilinunua sukari na sabuni kama mtu anayekwenda ukweni. Wewe ulikuwa unalia Kongolo, na mwanao alikuwa anaomba machozi yako yawe na sababu.

Wavuvi walinionyesha nyumba ya mama mmoja mzee, Marthe, aliyekuwa anageuza samaki juani. Hakuacha kugeuza.

“Weye uko mutoto ya nani?” akauliza.

“Ya Ngoy Kabamba.”

Hapo akaacha. “Unasema bongo, unadanganya. Ngoy Kabamba iko baba yangu, na mutoto wa mwisho iko minye.”

“Na Helena?”

“Helena iko mama yangu. Balilala bote kule.” Akanyoosha mkono wenye magamba ya samaki kuelekea makaburi.

Alinipeleka. Msalaba wa saruji, jina la baba yangu juu yake. Nilivua kofia, Mama, ingawa nilijua si yeye. Mzee huyo alizikwa Marthe akiwa bado msichana, kabla baba hajakuoa. Nikamwuliza alitoka wapi.

“Kongolo. Alikuyaka na kazi ya reli, kisha akabakia apa, juu ya samaki na juu ya Mungu. Alikuwa anamulilia dada yake kwenye alibakia kule. Numbi.”

Numbi! Bibi mzaa baba, aliyenibeba mgongoni. Unakumbuka baba alivyokuwa akisema kwamba alipewa jina la mjomba wake aliyekwenda kusini akapotea? Hakupotea. Alikuwa amelala pale. Na baba alitengeneza reli miaka yote ile Likasi, ziwa si mbali, asijue kwamba mwenye jina lake amelala jirani.

Nilipomweleza Marthe, alilia kidogo, kisha akanikasirikia. “Sasa unasimama nini? Kama baba yako iko na jina ya baba yangu, ule njo baba yangu. Na weye uko ndugu yangu mudogo. Ingia, usisimame ku mulango kama polisi.”

Nikaingia, nikala. Aliniuliza mara nyingi kama nimeshiba. Watoto wake wametawanyika kwenye machimbo na mijini, hawaji, na nyumba ile ina mkeka mmoja tu uliochakaa. Alinifungia samaki wakavu, chumba changu sasa kinanuka ziwa. Nimefurahi kwa ajili yako, kweli nimefurahi. Lakini usiku ule niliwalilia wale ndugu niliowabuni njiani, waliokuwa wengi na wa rika langu.

Historia ya baba nimeisahihisha. Helena ametoka. Mjomba wake baba ameingia, na chini yake nimeandika: ameyasimulia Marthe, binti yake, nyumbani kwake ziwani, nami nimeliona kaburi. Nimemwambia yaya Célestin asiguse kinambari hata kimoja, vikichafua na vichafue. Ananiuliza kama bado unampenda. Nimemjibu akuulize mwenyewe, kwa magoti.

Nisalimie Sifa, na umwambie nimemsema vibaya kwa upendo. Nisalimie mjomba fundi baiskeli, mama mchungaji aliyekaa nawe kwenye msiba, na jirani yetu Papa Kitenge anayekuchotea maji. Yaya Marthe anakusalimu. Anakuita mama, ingawa mvi zake zinazishinda zako.

Mama, irudishe picha ukutani. Ukiulizwa nani amesema, usiitaje simu. Sema ni mwanao mdogo, alikwenda mwenyewe, akaona kwa macho yake.

Na siku mtakayoitundika, naomba simu usiikatae kwa jambo hili moja. Sifa anipigie mkiwa mnakula. Asiniambie kitu. Aiweke tu simu karibu na sahani, niwasikie.

Mtoto wako wa mwisho,
Dieudonné