Shati la Nkwabi, Mkono wa Pantaleo

Bi. Mwamvua, mshauri wetu mpendwa, shikamoo. Naomba msaada wako kwa jambo ambalo hata padri sijamwambia.

Mimi ni Justa, mke wa Nkwabi, naishi Mhunze. Mwaka 1976 mume wangu alikwenda kuchimba dhahabu Nyarugusu pamoja na rafiki yake Pantaleo, Msumbwa wa Ushirombo, ambaye alikuwa akifika kwangu anakula kama ndugu, na mwaka huohuo duara lao, yaani shimo lile wanaloshukia, likaporomoka na wote wawili wasionekane tena, ndipo mama mkwe wangu akasema Pantaleo amemuua mwanawe akakimbia na dhahabu, na maneno hayo yakasambaa mpaka Ushirombo, ikawa hata kisimani wanawake hawataki kuteka maji pamoja na Bi. Klara, mama yake Pantaleo.

Mwaka huu wachimbaji walifukua duara lile, wakakuta mifupa iliyovaa shati, wakaacha hapohapo wakaita polisi. Nilipoonyeshwa shati nililia kwa sauti, maana kiraka cha bluu begani nilikishona mwenyewe. Nikasema huyu ni Nkwabi. Mama mkwe akanishika mikono akasema, "Mayu, mama yangu, sasa nitakufa vizuri," na mazishi yamepangwa tukishavuna pamba.

Ila kabla sijakabidhiwa mifupa, Daktari Valerian aliyeipokea akaniita. Bi. Mwamvua, tangu nizaliwe sijaona kitu kama kile. Alikuwa amempanga yule mtu juu ya shuka jeupe, kichwa mpaka vidole vya miguu, kila mfupa mahali pake, akanionyesha nyonga akasema huyu ni mwanamume, akanionyesha ncha ya mtulinga, ule mfupa wa begani, akasema haijaunga sawasawa, huyu hajafika miaka thelathini, akapima fupa la paja kwenye ubao akataja kimo chake alipokuwa amesimama, nami nikaogopa kama niko kanisani, nikajikuta nimevua kandambili. Kisha akaniuliza, "Mama, mumeo alikulia wapi?" Nikasema hapahapa Mhunze, akaniambia maji ya visima vyenu hutia meno rangi ya kahawia yakiwa bado ndani ya ufizi, na rangi hiyo mtu huenda nayo kaburini, akanionyesha taya, na meno yalikuwa meupe. Nkwabi meno yake ni ya kahawia kama yangu. Halafu akainua mfupa wa mkono wa kushoto uliovunjika utotoni ukaunga umepinda, akauliza kama namjua mtu mwenye mkono kama huo. Nilimjua. Mikono yangu hii ndiyo iliyokuwa ikimsogezea Pantaleo bakuli kwa sababu mkono wake haukunyooka.

Nikasema simjui. Nikasema pia kwamba meno ya Nkwabi yalikuwa meupe, nikiwa nimejiziba mdomo kwa kanga. Daktari alisema hakuna alama ya panga, mbavu zimevunjwa na udongo, ila kuna kitu kinamsumbua, mfupa wa kidole gumba cha mkono wa kulia uko mara mbili. Mimi nilikuwa nimeshachoka kusikia, nikatoka.

Naogopa. Kama Pantaleo alikufa amevaa shati la mume wangu, mume wangu yuko wapi? Watu si watageuza waseme Nkwabi ndiye aliyemfukia mwenzake? Na mama mkwe aliyepata usingizi baada ya miaka saba nimwambie nini? Au ninyamaze tuzike?

Justa, Mhunze

*

Marahaba, Justa. Pole, tena pole sana. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa nimesimama.

Sasa nikugombeze. Ulijiziba meno kwa kanga ukamdanganya mtu ambaye bila shaka aliyaona tangu unamsalimia! Unataka kumzika mtoto wa Klara kwa jina la mwingine, na Klara aendelee kuteka maji peke yake? Mtu amelala chini ya kifusi miaka saba, bado mifupa yake imeweza kusema maji gani hakunywa na mkono gani ulimuuma utotoni. Mimi nashangaa mpaka sasa. Wewe mwenye ulimi ukasema simjui.

Kuhusu shati, acha kuhangaika. Marehemu mume wangu, Salehe, alichimba hukohuko Nyarugusu, nami nilimpikia palepale machimboni. Shati la kazi huwa moja. Anayepanda analivua kwenye mdomo wa duara, anayeshuka analivaa na tope lake hivyohivyo, ili nguo nyingine zibaki safi. Mchimbaji yeyote angekuambia, ila wewe ulikiamini kiraka chako. Basi Pantaleo hakuiba shati. Zamu yake ilifika, akavaa, akashuka, na Nkwabi akabaki juu kifua wazi.

Ndiyo, juu. Najua hilo ndilo uliloliogopa. Lakini rudi kwenye lile ulilochoka kulisikia. Hakuna mtu mwenye vidole gumba viwili vya mkono wa kulia. Kimoja ni cha Pantaleo. Cha pili kilikuwa karibu naye kiasi cha kuzolewa pamoja. Sikuwepo na siapi, Justa, ila naandika huku mwili unanisisimka. Wachimbaji waliishia palipokuwa na shati, na huyo mwingine hakuwa na shati la kumwonyesha.

Kesho, usingoje pamba, rudi kwa daktari, fungua mdomo ayaone meno yako, useme ulimdanganya. Mtajie Pantaleo. Mweleze na habari za Nkwabi: meno, kimo, kila alipowahi kuumia. Mwombe polisi wachimbe tena palepale, polepole, bila sururu. Mama mkwe umwambie mwenyewe, asubuhi, akishakula, usimtume mtu. Atalia na atakutukana. Mvumilie, kisha umwambie yeye ndiye aliyelichafua jina la Pantaleo na yeye ndiye wa kulisafisha, hivyo mwende wote Ushirombo.

Mkifika kwa Bi. Klara msianze na habari za mifupa. Pigeni magoti, msalimieni, mwambieni mwanawe hakukimbia. Na daktari akishathibitisha kidole kile ni cha nani, rudini tena mkamwambie kwamba mtoto wake hakufa peke yake, kuna mtu alishuka kumtoa, bila shati.